Saa Saba za Kimya

Mwaka 1965 serikali za nchi za Pasifiki zilikubaliana, chini ya UNESCO, kupashana habari za mawimbi ya tsunami. Mwaka huo huo meli za utafiti za nchi zaidi ya 10 zilimaliza kuipima Bahari ya Hindi. Ramani zikachorwa, wavuvi wetu hawakuwekewa hata king'ora.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ikatetemeka Sumatra. Mawimbi yalichukua kama saa saba kuifikia pwani yetu. Kenya ilipata habari, ikawaondoa watu ufukweni; alikufa mmoja. Somalia, ambayo serikali yake ilikuwa bado imekaa Nairobi, ilipoteza watu karibu 300. Nani angepigiwa simu?

Mtambo wa Bahari ya Hindi ulikubaliwa 2005. Mimi nahesabu miaka 40.