Kielezi cha Kiingereza hutazama pande mbili

Itazame sentensi hii ya Kiingereza, ambayo ingeweza kuchapishwa katika gazeti lolote: “The chief denied repeatedly taking bribes.” Je, ni kukana ndiko kulikorudiwa, au ni kupokea hongo? Msomaji mmoja atasema kwamba chifu aliulizwa tena na tena, naye akakana kila alipoulizwa. Mwingine atasema kuwa chifu alikana mazoea ya kupokea hongo, na kwamba hajakana kuipokea siku moja. Sarufi ya Kiingereza inawakubalia wote wawili, na wakili wa chifu naye hatakosa la kusema.

Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili huenda asiione hatari hiyo. Kielezi cha Kiswahili, hasa kielezi cha namna, aghalabu hutazama nyuma. Hukifuata kitenzi kinachoelezwa. Tukisema “Chifu alikana mara kwa mara kupokea hongo”, maneno “mara kwa mara” yanaliegemea neno “alikana”. Mwandishi akiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno, anaipata ile ya Kiingereza tuliyoanza nayo, lakini maana haiji nayo yote. Kielezi cha Kiingereza huweza kukifuata kitenzi au kukitangulia. Kikiwekwa katikati ya vitenzi viwili, cha pili kikiwa na kiambishi tamati -ing, huwa kimesimama mlangoni, hakijulikani kinaingia au kinatoka.

Dawa yake ni kukiondoa hapo katikati. Ikiwa aliyekana alikana mara nyingi, tuandike “The chief repeatedly denied taking bribes.” Ikiwa kilichokanwa ni mazoea, basi “The chief denied that he had repeatedly taken bribes.” Kukipeleka kielezi mwishoni, yaani “denied taking bribes repeatedly”, husaidia kidogo tu, kwani shaka hubaki. Vivyo hivyo shahidi anayeandikiwa taarifa yake kwa Kiingereza ana haki ya kujua kwamba “I clearly remember telling him” husifu kumbukumbu yake, ilhali “I remember telling him clearly” husifu namna alivyosema. Mbele ya hakimu, tofauti hiyo si ya mapambo.

Umbo hili la -ing lina sura mbili, na asili yake ni ya kale. Katika Kiingereza cha kale, nomino zilizotokana na vitenzi ziliishia kwa -ing au -ung, na umbo jingine lenye mwisho wa -ende lilitumika kama kivumishi cha kitenzi. Katika Enzi za Kati maumbo hayo mawili yaliungana yakawa moja. Ndiyo sababu neno kama “singing” laweza kuwa nomino, likahitaji kivumishi, au kubaki na tabia ya kitenzi, likahitaji kielezi.

Jambo hili si geni kwa Mswahili. Kitenzi-jina cha ngeli ya KU kina tabia iyo hiyo. Twasema “Kuimba kwake kuzuri kulituvutia”, tukitumia kivumishi kilichopatanishwa na ngeli. Na twasema “Alianza kuimba vizuri”, tukitumia kielezi. Hakuna anayesema “Alianza kuimba kuzuri”. Basi “kuimba kwake kuzuri” ni “her beautiful singing”, na “kuimba vizuri” ni “singing beautifully”. Umbo la -ing likitanguliwa na “the” na kufuatwa na “of”, limekwisha kuwa nomino, na kielezi hakina nafasi kando yake. Husemwa “the careful filling in of forms”, wala si “the carefully filling in of forms”. Ondoa “the” na “of”, na kielezi kinarudi: “filling in forms carefully takes time”.

Katika mfano huo wa kujaza fomu tumekutana na ile jamii ya vitenzi inayowatoa jasho wanafunzi wengi: vitenzi vya maneno mawili, kama “fill in”, “put out” na “give up”. Watahiniwa wa KCSE huvikuta katika sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya Kiingereza. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii huwapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Jina linalotumiwa na walimu leo, “phrasal verb”, lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake “Words and Idioms” cha mwaka 1925, naye akasema kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford.

Kiswahili hukificha kijineno hicho ndani ya kitenzi chenyewe. Ingia, toka, panda, shuka: kila kimoja ni neno moja, ilhali Mwingereza atahitaji mawili. Hata hivyo, tunao mfano wetu uliokaribiana navyo mno, nao ni “piga pasi”. Mtu husema “Alipiga pasi shati haraka” au “Alipiga shati pasi haraka”. Hasemi “Alipiga haraka pasi shati”. Shati laruhusiwa kuingia kati ya piga na pasi, lakini kielezi hakiruhusiwi. Na shati likigeuzwa kiwakilishi, huingia ndani kabisa: “Alilipiga pasi.”

Kiingereza hufanya karibu vivyo hivyo. “She quickly put out the fire” ni sawa. “She put out the fire quickly” na “She put the fire out quickly” ni sawa pia. Kosa ni “She put quickly out the fire” au “She put out quickly the fire”. Kiwakilishi nacho lazima kiingie katikati: “She put it out quickly.”

Lakini kuna mlango ulioachwa wazi. Kijineno kikibaki na maana yake halisi ya mwelekeo, kielezi huweza kupita: “He walked slowly away”, “Prices went steadily up”. Kijineno kikiisha kupoteza maana hiyo na kuyeyuka ndani ya kitenzi, mlango hufungwa. Gari huharibika, haliendi chini. Kwa hiyo “The car suddenly broke down”, kamwe si “The car broke suddenly down”. Aidha, tusichanganye kijineno na kihusishi. Katika “He looked carefully at the map”, neno “at” limefungamana na ramani, ndiposa kielezi kimepita bila kizuizi. Katika “He looked the word up carefully”, neno “up” ni sehemu ya kitenzi, na kielezi kinangoja nje.

Matatizo haya mawili huweza kukutana katika sentensi moja. “He gave up drinking quickly” yaweza kumhusu mtu aliyeuacha ulevi upesi, au mtu aliyeacha tu mtindo wa kunywa kwa pupa na sasa anakunywa polepole. “He gave up quickly drinking” haitatui jambo. Sentensi isiyo na shaka ni “He quickly gave up drinking”, kielezi kikiwa kimetangulia mbele ya vyote. Na kama ni ile pupa ndiyo aliyoiacha, akiwa bado yumo kilabuni, hapana budi kuiandika kwa maneno mengine: “He no longer drinks so fast.”