Kabla ya Kwenda Jinja

Nilipomaliza digrii ya kwanza nilimwahidi nyanya kwamba ningempeleka Jinja, Uganda. Alikuwa ameniomba jambo moja tu: arudi kwenye yale maporomoko ya maji aliyokuwa akiyasikia usiku alipokuwa msichana, wakati baba yake alipokuwa kibarua wa reli katika mji huo. Nilikubali haraka, kama vijana wanavyowakubalia wazee. Miaka minne imepita. Siku hizi nyanya anatembea kwa mkongojo, na mwezi wa pili alinipigia simu kutoka Kisumu akauliza bila kuzunguka, "Mjukuu wangu, tunaenda lini?"

Nikafungua daftari, nikaanza kupanga. Basi la asubuhi kutoka Kisumu hadi Busia. Vitambulisho vya taifa, kwa kuwa Mkenya anaweza kuingia Uganda bila pasipoti. Kadi za chanjo ya homa ya manjano. Chumba cha wageni cha chini, kwa sababu ya ngazi. Nilipofika kwenye mstari wa "maporomoko" kalamu ilisimama. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na jambo nililopaswa kulijua siku ile nilipotoa ahadi nilikuja kulijua baadaye, maktabani. Maporomoko anayoyataka nyanya hayapo. Yalizama mwaka wa 1954.

Vitabuni yanaitwa Ripon. Jina hilo lilitolewa na John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862 katika safari iliyoanzia Unguja. Hakuwa peke yake. Msafara ulikuwa wa wapagazi na walinzi waliotoka pwani, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hadi India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke aliyapa maporomoko jina la mkubwa mmoja aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London safari ilipokuwa ikiandaliwa. Hata hivyo aliandika pia jinsi wenyeji walivyopaita: mawe. Jina hilo ndilo lililobaki kwenye mji. Jinja ni jiwe, na ukilitamka polepole utasikia kwamba ni ndugu wa neno letu.

Nilipoyasoma maelezo yake nilishangazwa na udogo wa vipimo. Kwa makadirio ya Speke maji yalianguka futi 12 hivi, yaani chini ya mita nne, kwa upana wa futi 400 hadi 500. Kule mto Zambezi, Mosi-oa-Tunya huanguka zaidi ya mita 100. Umaarufu wa Ripon haukutokana na kimo. Ulitokana na swali lililokuwa likiwasumbua wanajiografia wa Ulaya: Mto Nile unatoka wapi? Speke aliona maji yakitoka ziwani na kwenda kaskazini, akaamini amelijibu. Wenzake hawakukubali wote. Richard Burton alimpinga hadharani, na Septemba 1864, siku moja kabla ya wawili hao kukabiliana mbele ya wasomi mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa lote kwa mashua mwaka wa 1875 ndipo ilipoonekana kwamba maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni ule wa mawe.

Katika maelezo hayohayo kuna kitu ambacho walimu wangu wa shule ya msingi hawakunifundisha. Speke anaeleza samaki kwa maelfu wakiruka kupanda maji, wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wakiwa juu ya miamba na fimbo zao, mashua, kivuko sehemu ya juu, na ng'ombe wakiteremshwa kunywa ukingoni mwa ziwa. Kwa maneno mengine, siku ambayo maporomoko "yaligunduliwa" watu walikuwa kazini.

Aliyefuata kuyatazama kwa jicho lake mwenyewe ni Winston Churchill, aliyepita Jinja mwaka wa 1907 akiwa naibu waziri kijana katika wizara ya makoloni. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, aliona pale nguvu zinazopotea bure, akatamani Nile ianze safari yake kwa kupita kwanza kwenye mtambo. Tamaa hiyo ilisubiri miaka 40. Mwaka wa 1947 mhandisi Charles Westlake alipendekeza bwawa la umeme kwenye maporomoko jirani ya Owen, kilomita chache chini ya mto, na mwaka wa 1948 ikaundwa Bodi ya Umeme ya Uganda. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa hilo. Mutesa II, Kabaka wa Buganda, hakuwepo; gavana alikuwa amemfukuza nchini miezi mitano kabla. Maji yalipojaa nyuma ya ukuta yalipanda hadi kwenye mawe ya Ripon na kuyafunika.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Umeme ule haukuwa porojo. Uliendesha viwanda vya Jinja, na mwaka wa 1954 huohuo iliundwa kampuni ya kujenga laini ya kuuleta kutoka Tororo hadi Nairobi. Yaani mji ninaosomea, wenye taa zinazowaka hadi saa sita za usiku nikiwa juu ya vitabu, kwa miaka mingi uliangaziwa kwa sehemu na maji yaliyoyafunika maporomoko ya nyanya. Siwezi kulilaani bwawa huku nikifaidi nuru yake.

Tena, maporomoko yenyewe hayakufa kabisa kwenye karatasi. Misri, ambayo maisha yake ni Nile, ilikuwa na hofu kwamba Jinja wangeshika bomba. Ikakubaliwa kwamba bwawa litoe maji kwa kiasi kilekile ambacho kingepita juu ya mawe kama ukuta usingejengwa. Wahandisi walijua kwamba ziwa likiwa na kina fulani, maporomoko yalipitisha kiasi fulani, wakauchora uhusiano huo kuwa mstari uliopinda kwenye grafu. Wasimamizi wa bwawa wakatakiwa kuufuata mstari huo, kana kwamba mawe bado yanaamua.

Hawakuufuata siku zote. Kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilipoongezwa kando ya kile cha kwanza, maji yalitolewa kupita mstari. Kukawa na ukame pia, na kati ya 2004 na 2006 ziwa likashuka sana. Nilikuwa mtoto Kisumu. Nakumbuka tukicheza kwenye tope lililokauka, mahali ambapo wakubwa walisema zamani pangetufika kifuani. Hakuna aliyetuambia habari ya mstari.

Hayo yote niliyajua, na bado nilikuwa sijui jinsi ya kumwambia nyanya. Nilifikiria kumpeleka kwingine. Bujagali, maporomoko yaliyokuwa chini zaidi ya mto huohuo, nayo yalizama mwaka wa 2011 kwa ajili ya bwawa jingine. Mwishowe nikampigia.

"Nyanya, kuna jambo kuhusu yale maji."

"Yalifunikwa," akasema. "Unadhani sijui? Walipokuwa wanajenga tulisikia baruti mchana na maji usiku. Tuliporudi Kisumu, watu wa reli walileta habari kwamba maji yamenyamaza."

"Sasa unataka kuona nini?"

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Baba yangu yuko huko."

Nilijua kwamba babu mzaa nyanya alifia Uganda. Katika familia yetu ilikuwa sentensi moja, na sikuwahi kuuliza ya pili. Alikufa mwaka wa 1953 kwa ugonjwa, nyanya akiwa na miaka 12. Kwa Wajaluo, mtu kuzikwa ugenini si jambo dogo. Anayepaswa kurudishwa nyumbani hurudishwa hata kama jamaa wataingia madeni. Mama yake hakuwa na pesa za kusafirisha maiti. Wafanyakazi wenzake walimzika Jinja, wakamchukua mjane na watoto, wakawapandisha treni. Siku ya mazishi mama yake alimshika mkono, akamwambia akariri mahali: mti mkubwa mbele, reli nyuma, na sauti ya maji upande wa kushoto.

"Mti watakuwa wameukata," nyanya alisema. "Maji ndiyo niliyoyategemea."

Nilipokata simu nililichukua daftari. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikisoma watu walioyatazama maporomoko yale. Mmoja aliona jibu, mwingine mtambo, wengine mstari kwenye grafu. Wote wameacha karatasi. Nyanya hakuacha karatasi. Kwake maporomoko yalikuwa alama ya kaburi, na alama hiyo iliondolewa bila mtu kujua kwamba inamwondokea mtoto mmoja Kisumu. Sidhani alikuwa peke yake. Reli ilifika Jinja mwaka wa 1928 na ikavuka Nile kwenda Kampala mwaka wa 1931, na vibarua walitoka mbali.

Lakini karatasi za wale wengine zina kazi moja ambayo hawakuikusudia. Ramani zilizochorwa kabla ya bwawa zinaonyesha maporomoko yalipokuwa, na zinaonyesha reli. Daraja la reli bado lipo. Nikijua sauti ilikotoka na reli ilikopita, naweza kupata kipande cha ardhi ambapo mtu akiipa reli mgongo angesikia maji kwa kushoto. Huenda kikawa kikubwa. Huenda kuna nyumba juu yake. Nimemwambia nyanya hivyo, akanijibu kwamba hahitaji kuchimba chochote, anahitaji kusimama na kumtaja baba yake kwa jina.

Nimeupanga upya ukurasa ule. Mashua nimeifuta. Siku ya kwanza ni ya kupumzika, kwa ajili ya miguu yake. Siku ya pili tutaanzia darajani asubuhi, kabla magari hayajawa mengi, nikiwa na nakala ya ramani na kiti cha kukunja. Tunaondoka Kisumu Ijumaa ya wiki ya tatu ya Agosti. Tiketi mbili nimeshazilipia.