Nani Ameshika Brashi?

Ukuta wa nyumba una historia yake, na historia hiyo husomeka tabaka kwa tabaka: udongo, chokaa, rangi ya maji, na wakati mwingine alama ya X. Ukipita Kihesa, Iringa, kila tabaka linakuuliza swali moja: aliyeamua rangi hii ni nani?

Kabla ya Wajerumani, nyumba ya Mhehe ilikuwa tembe, yenye paa bapa lililofunikwa udongo. Rangi yake ilikuwa rangi ya ardhi iliyosimama juu yake. Mvua ikimong'onyoa ukuta, wenyewe walikandika upya. Oktoba 30, 1894 ngome ya Mkwawa pale Kalenga ikaanguka, na mji wa Iringa ukajengwa kilimani chini ya bendera ya wageni. Boma la wakati ule bado lipo. Tangu 2016 ni makumbusho.

Utawala ule ulipenda weupe wa chokaa. Chokaa si ya kigeni: watu wa Pwani walichoma matumbawe kuipata karne nyingi kabla. Ina faida pia, kwani ukali wake huua vijidudu na ukuta uliopakwa chokaa hupumua. Lakini mikononi mwa serikali ya kikoloni, weupe ulikuwa pia alama ya nani anatawala, na aliyepanda ngazi na ndoo hakuulizwa anapenda rangi gani.

Zama zetu zina wapakaji wengine wasioalikwa, au walioalikwa nusu. Kampuni za simu na za vinywaji hupaka nyumba za kando ya barabara kuu rangi za bidhaa zao. Mwenye nyumba hupata ukuta mpya bila gharama, na nyumba yake inakuwa bango. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. X nyekundu ilimaanisha ubomoe bila fidia. Ya kijani, usubiri fidia. Pengine hakuna brashi iliyowahi kusema mengi hivyo kwa mistari miwili. Kwa mtaa kama Kihesa, unaopitiwa na barabara ya kwenda Dodoma, rangi ya ukutani si urembo tu.

Ndiyo maana kumwita fundi rangi ni tukio kubwa kuliko linavyoonekana. Nyumba ya matofali ya kuchoma huenda imekaa miaka bila rangi, ikisubiri mahindi yauzwe au mtoto amalize chuo. Siku fundi anapofika, maneno ni mengi: rangi ananunua nani, pesa ya ufundi italipwa kwa awamu ngapi, msaidizi wake anakula wapi. Mwenye nyumba mjanja hununua ndoo mwenyewe na kuifungua mbele ya fundi, maana rangi ikizidishiwa maji hung'aa wiki ya kwanza tu. Fundi mwaminifu naye ana masharti yake. Hapaki lipu mbichi. Husubiri kama mwezi mzima, kwa sababu unyevu na ukali wa saruji hubabua rangi. Hupiga msasa kwanza. Katika baridi na ukungu wa Juni na Julai hana haraka. Tena hushauri ukanda wa chini upakwe rangi nzito ya mafuta, kwa kuwa udongo mwekundu wa Iringa hurukia ukuta kila mvua inaponyesha.

Mwisho wa mazungumzo yote hayo huja swali ambalo waliopaka weupe wa boma na waliochora X hawakuwa na haja ya kuliuliza: "Mama, tupake rangi gani?"

Anayejibu ni mwenye nyumba. Anaweza kuchagua maziwa, kijani cha chai au zambarau, majirani wakacheka. Hiyo ni haki yake, na ameilipia.