Nakala Rudufu: Kinga ya Kumbukumbu za Wagonjwa katika Zahanati na Kliniki Ndogo

Zahanati na kliniki nyingi nchini Tanzania hutunza kumbukumbu za wagonjwa, majibu ya maabara, hesabu za dawa na madai ya bima katika kompyuta. Utaratibu huo hurahisisha kazi, lakini una hatari yake. Jalada moja la karatasi likipotea, anaathirika mgonjwa mmoja. Diski ya kompyuta ikiharibika, kituo hupoteza historia ya wagonjwa wake wote. Mganga hubaki hajui ni nani ana mzio wa penisilini, wala ni nani anatumia dawa za shinikizo la damu na kwa kipimo gani.

Vyanzo vya upotevu huo ni vingi: diski kuchakaa, umeme kukatika ghafla, wizi, moto, mafuriko, mtumishi kufuta taarifa kwa bahati mbaya, au programu hasidi. Mwezi Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta za huduma ya afya nchini Uingereza na kudai fedha ili kuzifungua. Pamoja na hospitali kubwa, vituo 595 vya madaktari wa familia viliathirika. Udogo wa kituo, kwa hiyo, si kinga.

Kinga inayopendekezwa na wataalamu ni kanuni ya tatu, mbili, moja: kuwa na nakala tatu za taarifa, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja ihifadhiwe nje ya jengo. Kwa kituo kidogo, kanuni hiyo hutekelezeka kwa hatua zifuatazo:

1. Mtumishi mmoja akabidhiwe jukumu hilo kwa maandishi, na awepo wa kumshikia zamu.

2. Nakala ichukuliwe kila siku baada ya kazi, kwa kutumia amri ya nakala iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Kunakili mafaili wakati mfumo unatumika kunaweza kutoa nakala isiyofunguka.

3. Ziwepo diski za nje mbili zinazotumika kwa kupokezana. Diski ichomolewe mara kazi inapokwisha, kwa kuwa programu hasidi hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa.

4. Nakala zifungwe kwa nenosiri, na nenosiri hilo litunzwe mahali tofauti na diski.

5. Angalau mara moja kwa mwezi, nakala irejeshwe katika kompyuta nyingine, na ihakikishwe kuwa taarifa za mgonjwa wa mwisho kuandikishwa zinaonekana.

Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kasoro yake hugundulika siku ambayo mfumo umekwisha kuharibika na wagonjwa wamo kwenye foleni. Kwa siku kama hiyo, kituo kiwe pia na fomu za karatasi ili huduma iendelee.

Wajibu huu ni wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inamtaka anayezikusanya azilinde dhidi ya upotevu, uharibifu na matumizi yasiyoidhinishwa. Kituo kinachohifadhi nakala kwa njia ya intaneti katika seva zilizo nje ya nchi kinapaswa kuzingatia masharti ya Sheria hiyo kuhusu kusafirisha taarifa. Diski yenye nakala ikiibiwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe bila kuchelewa.

Kwa upande wake, mwananchi anashauriwa kutunza kadi yake ya kliniki, vyeti vya dawa na majibu ya vipimo. Karatasi hizo zinaweza kumwongoza mganga pale mfumo wa kituo unaposhindwa kufanya kazi.