Homoni na kansa ya matiti: ile asilimia 26 maana yake nini?

Wadau, kuna hii asilimia 26 inazunguka sana mtandaoni, eti mwanamke akimeza vidonge vya homoni baada ya kukoma hedhi, hatari ya kansa ya matiti inapanda kwa asilimia 26. Wengi wanasoma wanadhani kati ya wanawake 100, 26 wataumwa. Siyo hivyo kabisa.

Namba hii ilitoka Marekani, kwenye utafiti wa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye kizazi waligawanywa mafungu mawili: wengine walipewa estrojeni na projestini, wengine kidonge kisicho na dawa. Julai 2002 ukasimamishwa kabla ya muda wake, na wanawake wengi wakatupa vidonge vyao.

Sasa piga hesabu. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wasiopewa homoni waliopata kansa ya matiti walikuwa 30. Waliomeza homoni, 38. Tofauti ni 8. Ni wachache, ila mmoja akiwa mama yako hutasema wachache, na kadiri miaka ya kumeza inavyozidi, hatari nayo inapanda. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua 5.

Kuna kundi lingine halisemwi sana. Waliokwishatolewa kizazi walipewa estrojeni peke yake, na hao walisimamishwa 2004 kwa sababu ya kiharusi. Matokeo ya 2020, baada ya kufuatiliwa miaka mingi, yalionyesha kansa ya matiti kwao ilikuwa pungufu! (Uchambuzi mkubwa wa 2019 kwenye jarida la Lancet ulikuta inaongezeka kidogo, kwa hiyo ubishi bado upo.) Mbona wote wasipewe estrojeni tupu? Kwa sababu mwenye kizazi akiimeza hivyo inaweza kumletea kansa ya kizazi. Projestini inawekwa kukilinda.

Halafu wale wa 2002 wastani wa umri wao ulikuwa 63. Siyo sawa na mama wa miaka 50 anayelowa jasho usiku mpaka anabadilisha shuka.

Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuondoa onyo kali la kansa ya matiti kwenye dawa hizi. Mimi naona sawa, lile onyo lilitisha kupita kiasi, lakini wale 8 hawajafutika.

Bi mkubwa akikutuma umtafutie habari hizi, muulize kwanza: kizazi anacho? Amewahi kuugua kansa ya matiti? Aliyewahi, kwa kawaida hapewi. Majibu hayo aende nayo kwa daktari, na kama tayari anameza, asiache kabla hawajaongea.