CHEMOSIT NA WATUNZI WAKE: HISTORIA YA SIMULIZI MOJA YA KUTISHA KATIKA NCHI YA CHAI

Swali la nani aliyeitunga hadithi ya mapokeo aghalabu hujibiwa kwa neno moja: jamii. Jibu hilo lina heshima yake, lakini lina uvivu pia, kwa kuwa humwachilia mchunguzi asiulize ni watu gani katika jamii hiyo, walisema lugha gani, na kila mmoja wao aliongeza nini. Zimwi liitwalo Chemosit, ambalo Wakipsigis wa Kericho na Bomet wanalo pamoja na ndugu zao Wanandi, lafaa sana kwa uchunguzi wa namna hiyo. Historia yake ya miaka mia moja na zaidi yaonyesha mikono ya watu mbalimbali walioshirikiana kulitunga, wengine bila ya kujua kwamba walikuwa wakitunga.

Maelezo ya awali yaliyo maarufu katika maandishi ni ya A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapwa Oxford mwaka 1909. Humo Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja tu lakini makalio tisa. Hutembea kwa kujiegemeza juu ya fimbo iliyo mfano wa mkuki. Na mdomo wake ni mwekundu, nao hung'aa usiku kama taa. Hukaa kando ya msitu akaimba. Watoto wakiona ule mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, huenda, na huliwa.

Yafaa kuyatazama maelezo hayo kwa jicho la fundi. Makalio tisa ni mzaha. Mdomo uwakao ni hofu. Na kitisho chenyewe hakimo katika meno ya zimwi bali katika kufanana kwake na jambo jema, yaani ngoma ya usiku. Mtoto haponzwi na ujinga. Huponzwa na kujua kwake kwamba penye moto na wimbo pana watu. Simulizi nyingi za mazimwi katika Afrika ya Mashariki hutegemea nguvu au ulafi wa zimwi; hii yategemea udanganyifu wa dalili, na kwa sababu hiyo yaweza kurudiwa usiku baada ya usiku kwa visa vipya bila ya kuchakaa. Mtambaji hana haja ya kueleza tena umbo la Chemosit kila mara. Hadhira yalijua. Akitaja mwanga mwekundu kando ya miti, wasikilizaji ndio wanaokimaliza kitisho, kila mmoja kwa msitu anaoujua yeye. Hapa ndipo ushirikiano wa kwanza ulipo, nao ni wa kiufundi kabisa: mfululizo wa hadithi hauwezekani ila pale ambapo hadhira imekwisha kupewa sehemu ya kazi.

Ushirikiano wa pili ulikuwa wa wageni. Mwaka 1912 jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda lilichapa habari za Geoffrey Williams juu ya mnyama asiyejulikana aliyemwona katika uwanda wa Uasin Gishu, muda mfupi baada ya vita vya Wanandi vya 1905. C. W. Hobley, ofisa mwandamizi wa serikali, akakusanya habari nyingine na kuzichapa katika jarida hilohilo. Kila aliyeandika aliongeza kiungo: mmoja manyoya marefu, mwingine mabega yaliyoinuka kuliko kiuno, mwingine masikio madogo, mwingine mwendo wa kujikokota. Makalio tisa yakatoweka. Mguu mmoja ukawa minne. Wimbo, ambao ndio uliokuwa roho ya kisa, ukanyamaza. Wakati wa kujengwa kwa reli ya Magadi mnyama huyo akaonekana huko pia, mbali sana na nchi ya Wanandi, na hilo lathibitisha kwamba alikuwa akisafiri kwa njia ya karatasi.

Jina alilopewa kwa Kiingereza lilikuwa Dubu wa Nandi. Katika Afrika iliyo kusini ya Sahara hakuna dubu hata mmoja, na Kiswahili chenyewe kililipata neno hilo kutoka kwa Waarabu. Lakini jina likishika halitaki ushahidi. Louis Leakey na wengine walifikiri kuwa huenda ni mabaki ya mnyama wa kale aliyetoweka. Wengine walisema ni fisi tu, au nyegere aliyezeeka. Bernard Heuvelmans, katika kitabu chake cha mwaka 1955, aliona kuwa jina hilo moja limefunika wanyama kadha. Uamuzi huo wa mwanazuolojia, ukisomwa na mtu wa fasihi, ni sawa na kusema kwamba mnyama huyo ana watunzi wengi.

Hapana budi kuuliza kwa nini maofisa na walowezi walishiriki kwa hamu kiasi hicho. Mwezi Oktoba 1905 orkoiyot wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alikwisha kuuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Nchi ilikuwa mpya kwa wavamizi na usiku wake haukuwa wao. Si ajabu kwamba waliokuwa na bunduki ndio walioona manyama yasiyoanguka kwa risasi. Na wakati huohuo walikuwa wakiandika kisa kingine cha kutisha, ambacho mhusika wake hakuwa zimwi bali ukoo wa watu. Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel, alikuwa amehamia kwa Wakipsigis, na ukoo wa Talai ukapata mizizi huko. Katika taarifa za serikali watu hao hawakutajwa kama viongozi wa dini na washauri wa vita. Walichorwa kuwa wachawi waliowatawala wengine kwa hofu. Taarifa moja iliitegemea nyingine, kama vile barua juu ya dubu zilivyotegemeana. Tofauti ni kwamba kisa hiki cha pili kiligeuka sheria. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwaondoa Malaibon, na mamia ya watu wa Talai, wanawake na watoto pamoja, wakahamishiwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto na mbung'o, mpaka wakaruhusiwa kurudi Kericho katika miaka ya mwanzo ya sitini.

Mambo hayo yalitokea katika ardhi iliyokuwa ikigeuka kuwa mashamba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maelfu ya ekari za Kericho yalitolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi ukaanguka, na katika miaka ya ishirini makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanzisha chai. Msitu ulikatwa, pahali pake pakapandwa chai na, kwa kuni za viwanda, mikaratusi. Katika kambi za wafanya kazi wakakutana Wakipsigis, Wajaluo, Wagusii na Waluhya.

Lugha ya kukutania ilikuwa Kiswahili, na hapa ndipo ushirikiano wa tatu unapowahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Kila jamii ilikuja na kitisho chake. Mjaluo alikuwa na Apul-Apul wa hadithi na jajuok akimbiaye usiku. Mgusii alikuwa na omorogi. Mluhya alikuwa na linani. Kiswahili kiliwapa wote hao maneno mawili makubwa, zimwi na mchawi. Kwa Mluhya na Mgusii tafsiri haikuwa safari ndefu, kwa kuwa lugha zao ni za Kibantu, na neno zimwi lenyewe lina jamaa zake bara: irimu kwa Wakikuyu, eimu kwa Wakamba. Kwa Mkipsigis mambo yalikuwa magumu zaidi. Jina Chemosit huanza na Che-, kiambishi kinachosikika katika majina ya kike kama Chebet na Chelangat, kikikabiliana na Ki- na Kip- za Kibet na Kiplangat. Sikio la Mkalenjin husikia dokezo hilo la jinsia hata pale hadithi isipolitaja. Kiswahili hakina mahali pa kuliweka: zimwi limo katika ngeli ya li-ya, pamoja na majitu na madubwana, na linachosisitiza ni ukubwa. Kwa hiyo Chemosit akiwa zimwi huongezeka kimo na kupungua hila. Mabadiliko hayo si madogo, kwani hila ndiyo iliyomtofautisha.

Isidhaniwe kuwa hasara hiyo ni kosa la Kiswahili. Lugha hii imewahi kutunga vitisho vyake kwa ushirikiano wa aina hiyohiyo. Kamusi Sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ikifasiri neno mumiani, inaanza na dawa nyeusi itokayo Uajemi na kuishia kwa watu wa mji wanaoogopa kutoka nje jua likitua, wakiamini kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya waliouawa. Ni nadra kamusi kubeba kisa kizima namna hiyo.

Kuhusu majina yaliyoandikwa juu ya majalada, habari ni fupi. Hollis, kisha J. G. Peristiany mwaka 1939, kisha Ian Orchardson, ambaye maandishi yake juu ya Wakipsigis yalifupishwa na A. T. Matson na kuchapwa mwaka 1961. Wenyeji walichelewa kupata nafasi hiyo: Taaitta Toweett alichapa historia simulizi ya Wakipsigis mwaka 1979, na C. Chesaina kitabu juu ya fasihi-simulizi ya Wakalenjin mwaka 1991. Mabibi waliouhifadhi ule mwanga mwekundu na ule wimbo kabla ya wote hao hawamo katika orodha za maktaba. Mchunguzi anayerekodi hadithi leo katika Kericho au Bomet aweza walau kuandika jina la mtambaji aliyekubali kutajwa, lugha aliyoitumia, na nani walioitikia.

Jambo moja limebaki kwa watambaji wenyewe kuliamua. Mdomo uwakao kama taa ulitisha mahali ambapo usiku haukuwa na taa nyingine ila ya moto wa watu. Katika nchi ya chai majani hunyaushwa viwandani usiku kucha, na taa za viwanda huonekana kutoka ng'ambo ya bonde, nyekundu na nyeupe. Mtoto akiona mwanga hadhani tena kuwa ni ngoma. Hujua ni kiwanda, na pengine baba yake yuko zamu. Mtambaji ana njia mbili: kumrudisha Chemosit ndani ya kilichobaki cha msitu wa Mau, au kumwacha pale pale kwenye taa na kutegemea wimbo peke yake.