Moreni za Mlima Kenya na Fukwe za Maziwa ya Kale: Historia ya Upimaji wa Mashapo ya Barafu, Mito na Maziwa nchini Kenya, 1893–1972

Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipanda Mlima Kenya na kukuta moreni, yaani matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu, chini sana ya mahali barafu ya siku zake ilipokomea. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1894 yalithibitisha kwamba mlima huo wa ikweta ulikuwa umefunikwa na barafu kubwa zaidi hapo kale. Ushahidi huo haukupingwa. Ubishi uliozuka baadaye ulihusu namna ya kuuhusisha na mashapo ya nyanda za chini.

Katika Bonde la Ufa, pembezoni mwa maziwa ya Naivasha, Nakuru na Elmenteita, kuna fukwe za kale zilizo juu kabisa ya maji ya leo. Erik Nilsson, Mswidi aliyezipima fukwe hizo na moreni pia, alizioanisha katika kazi yake ya 1931: barafu iliposhuka mlimani, maziwa nayo yalijaa. E. J. Wayland nchini Uganda na Louis Leakey nchini Kenya walikuwa wakijenga hoja ya vipindi vya mvua kubwa, na mwaka 1947 kongamano la historia ya kale ya Afrika lililofanyika Nairobi likaidhinisha majina ya vipindi hivyo, miongoni mwake Kamasia na Gamble.

Hapa ndipo ramani ilipogeuka kuwa kalenda. Changarawe ya mto ikionekana mahali popote, hata mamia ya kilomita kutoka Kamasia, ilipewa jina la kipindi, na zana za mawe zilizomo zikapewa umri kwa jina hilo. Kwa maoni yetu, udhaifu haukuwa katika upimaji wenyewe, kwani vipimo vya Nilsson vilikuwa vya uangalifu, bali katika kudhani kwamba tabaka mbili zinazofanana ni za wakati mmoja. Mto hukusanya changarawe kwa sababu nyingi: volkano ikimwaga majivu katika bonde lake, au ardhi ikiinuka au kudidimia. Mashapo ya Kamasia yenyewe yameinamishwa na mivunjiko ya Bonde la Ufa.

H. B. S. Cooke mwaka 1958 na R. F. Flint mwaka 1959 walizitoa hoja hizo kwa ukali. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na argoni viliipa Tabaka la Kwanza la Olduvai umri wa miaka ipatayo 1,750,000, mbali mno na makadirio ya awali. Pigo zito zaidi kwa uoanishaji wa Nilsson lilikuja mwaka 1972, pale Karl Butzer na wenzake walipochapisha umri wa kaboni wa fukwe za maziwa. Fukwe za juu za Nakuru na Naivasha zilionekana kuwa za takriban miaka 10,000 hadi 8,000 iliyopita, wakati ambapo barafu ya mlimani ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Barafu ilipokuwa kubwa, maziwa mengi yalikuwa madogo, kwa kuwa baridi ya zama hizo iliandamana na ukame.

Mtafiti anayetumia ripoti za kabla ya 1960 anaweza bado kuyaamini maelezo yake ya tabaka, unene na mahali. Neno “Kamasia” likitokea pembeni mwa ramani, lisomwe kama jina la mashapo tu, na umri wake utafutwe upya.